Zaha Iliyohifadhi Mwelekeo wa Kaskazini

Mwamba mweusi ulio chini ya Korongo la Olduvai ni zaha iliyoganda karibu miaka milioni 1.9 iliyopita. Umejaa chembe ndogo za magnetiti, madini ya chuma yenye usumaku.

Joto kali huondoa usumaku, kwa kuwa atomu hutikisika mno na mpangilio wake huvurugika. Magnetiti hupoteza usumaku wake karibu nyuzi 580 za Selsiasi. Zaha ilipopoa chini ya hapo, usumaku wa chembe ulifuata usumaku wa Dunia wa siku zile, na haujageuka tangu hapo.

Mwaka 1963 wanasayansi Grommé na Hay walichapisha vipimo vya mwamba huu: usumaku wa chembe unaelekea kaskazini, kama dira ya leo. Huu ni ugunduzi mkubwa, maana katika sehemu kubwa ya enzi ile dira ingeelekea kusini. Kipindi hicho cha kaskazini, miaka milioni 1.95 hadi 1.78 iliyopita, wanajiolojia duniani kote hukiita Olduvai. Fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, alilolipata Mary Leakey korongoni humu mwaka 1959, ni la kipindi hicho.

Tafadhali usiondoe jiwe lolote. Likishatolewa mahali pake, mwelekeo wake hausomeki tena.