Mcheza Kwao Hutunzwa: Ngoma ya Beni na Historia ya Utangamano wa Makabila Mijini

1. Utangulizi

Makusudi ya makala haya ni kuichunguza historia ya ngoma ya beni katika miji ya Afrika ya Mashariki, na kuonyesha jinsi historia hiyo inavyoweza kutusaidia kuzipima sherehe za utamaduni ambazo siku hizi hufanywa kwa nia ya kuleta maelewano baina ya makabila. Sherehe za aina hii zimeongezeka nchini Kenya, hasa baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya elfu moja walipoteza maisha. Mathalani, huko Loiyangalani, ufukoni mwa Ziwa Turkana, tamasha lililoanza kufanywa mwaka 2008 limewakutanisha Waelmolo, Waturkana, Warendile, Wasamburu, Wagabra, Waborana, Wadasanachi na jirani zao wengine. Kila jamii huja na mavazi yake na ngoma zake. Nia ya sherehe kama hizi ni njema, na katika sehemu ambazo watu wamewahi kuuana kwa sababu ya malisho na maji si jambo dogo kuwaona wakitazamana bila ya silaha.

Hata hivyo, liko swali ambalo wanaoandaa sherehe hizi hawaliulizi mara kwa mara. Je, sherehe inayompanga kila mtu nyuma ya bango la kabila lake inawakutanisha watu, au inawaonyesha tu? Swali hili lilinijia kwa mara ya kwanza nilipokuwa masomoni ng'ambo. Wanafunzi wa kigeni tuliandaliwa jioni ya tamaduni, na kila mmoja wetu akaombwa aje na vazi na ngoma ya kabila lake. Mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, baba yake Mdigo na mama yake mwenye asili ya Kihadhrami, alikaa siku mbili akitafuta cha kuvaa. Mwishowe alikuja na shati lake la kila siku, akakaa pamoja na watazamaji. Sherehe iliyokusudiwa kumkaribisha kila mtu ilikuwa imekosa nafasi ya mtu ambaye maisha yake mwenyewe yalikuwa mchanganyiko wa tamaduni.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Yafaa tuyatazame maneno haya kwa makini kabla ya kuendelea. Kiswahili hutofautisha kati ya kwake na kwao. Kwake ni mahali anapoishi mtu. Kwao ni kwa jamaa zake, na ndiyo maana umilikishi wake huwa wa wingi hata anapotajwa mtu mmoja. Kutunza nako kuna maana mbili: kumpa mchezaji tuzo, na kumlinda au kumwangalia mtu. Kwa hiyo methali hii haisemi juu ya ngoma tu. Inasema kwamba mtu hupata heshima na hifadhi pale anapotambuliwa kuwa ni wa hapo. Basi swali la kihistoria ni hili: mtu aliyefika mjini akiwa na kwake tu, pasipo kwao, alifanyaje?

2. Chimbuko la beni

Beni ilizuka katika pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kikundi cha wapiga muziki, neno ambalo baadaye liliingia tena katika lugha yetu kwa sura ya bendi. Wachezaji waliiga gwaride la askari, matarumbeta na ngoma kubwa za kijeshi, pamoja na sare na vyeo. Walikuwako Kingi, Jenerali, Kapteni, Hakimu na hata Daktari. Kwa sababu hiyo waandishi wengi wa wakati wa ukoloni waliidharau, wakaiona kuwa ni mwigo mtupu wa mambo ya Kizungu.

Terence Ranger, katika kitabu chake juu ya beni kilichotolewa mwaka 1975, aliupinga mtazamo huo. Alionyesha kwamba nguo zilikuwa mpya lakini mwili ulikuwa wa zamani. Miji ya Waswahili ilikuwa na desturi ya tangu kale ya kugawanyika katika pande mbili zinazoshindana kwa ngoma, mashairi na karamu. Lamu kulikuwa na Mkomani na Langoni. Mombasa kulikuwa na Tisa Taifa na Thelatha Taifa, ambazo kwa pamoja zilifanya Thenashara Taifa. Beni iliingia katika mfereji uliokwisha kuchimbwa. Ndiyo maana vyama vyake navyo vilitokea viwili viwili. Mombasa palikuwa na Kingi na mshindani wake Skochi, jina linalokumbusha vikosi vya askari wa Kiskochi.

Ni lazima tukumbuke hali ya mji wa Mombasa wakati huo. Himaya ya Waingereza ilitangazwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata ujenzi wa reli ya kuelekea bara ukaanza. Mjini walikutana waungwana wa taifa za zamani, Waarabu, Wahindi, Mijikenda wa jirani, vibarua wa kutoka bara, na watu waliokuwa watumwa au wana wa watumwa. Kwani utumwa katika pwani ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Wengi wa watu hawa hawakuwa na mlango katika koo za wenyeji. Jonathon Glassman, katika utafiti wake juu ya Pangani na miji ya jirani, ameeleza jinsi karamu na ngoma zilivyokuwa uwanja ambapo wageni na watu wa daraja ya chini walidai kutambuliwa kuwa wenyeji. Aliyechangia karamu, akavaa vizuri na kucheza mbele ya watu, alikuwa ametia hoja yake bila ya kwenda barazani kwa kadhi.

3. Vita na kuenea kwa beni

Kabla ya mwaka 1914 beni ilikuwa imekwisha kufika miji ya Tanganyika. Huko Tanga na Dar es Salaam vyama vikubwa viwili vilikuwa Marini na Arinoti. Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoieneza mbali zaidi. Askari wa Keya upande wa Waingereza na askari wa Wajerumani, pamoja na malaki ya wapagazi ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo huko Dar es Salaam na Nairobi pia, waliichukua popote walipokwenda. Vita vilipokwisha mwezi wa Novemba 1918, beni ilirudi vijijini na mijini pamoja nao, ikafika Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo.

Kwa msomi wa lugha, jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba Kiswahili kilisafiri pamoja na ngoma hii. Hata katika sehemu ambazo Kiswahili hakikuwa lugha ya wenyeji, nyimbo za beni hapo mwanzo ziliimbwa kwa Kiswahili. Tumezoea kusema kwamba Kiswahili kilienezwa na misafara ya biashara, wamishenari, shule na serikali. Hatuna budi kuongeza kwamba kilienezwa pia na furaha. Watu walijifunza maneno yake ili wapate kuitikia wimbo.

Pamoja na wimbo ulikuwako mtandao wa msaada. Vyama vya beni vilikuwa na michango na matawi. Mwanachama aliyeugua aliangaliwa, aliyefariki alizikwa kwa heshima, na aliyehamia mji mwingine aliwakuta wenzake wa chama kile kile, wakampokea. Hapa ndipo maana ya pili ya kutunza inapojitokeza waziwazi. Kibarua aliyefika mji asioujua hakuulizwa kwanza kabila lake; aliulizwa kama ni Marini au Arinoti. Mtandao huu ndio uliowatia shaka wakoloni. Baada ya vita maafisa wa ujasusi wa Kiingereza waliichunguza beni, wakihofu kwamba nyuma ya gwaride ipo siasa.

Wanawake nao hawakubaki nyuma. Margaret Strobel ameonyesha kwamba vyama vya lelemama vya Mombasa viliwakutanisha wanawake waungwana na wale wa asili ya utumwa, navyo vilikuwa na vyeo na mashindano makali. Katika miaka ya 1950 baadhi ya wanawake waliokuwa wamejifunza uongozi katika lelemama waliingia katika vyama vya kutetea elimu na maendeleo ya wanawake Waislamu. Ujuzi wa kukusanya fedha, kupanga shughuli na kusimama mbele ya watu walikuwa wameupata ngomani.

4. Mashindano na mipaka yake

Huenda msomaji akauliza: yawezekanaje mashindano yalete utangamano? Jibu ni kwamba mashindano ya beni yaliwagawa watu kwa namna nyingine. Kwa kuwa Kingi na Skochi, au Marini na Arinoti, hawakuwa makabila, mgawanyiko wao ulipita katikati ya makabila. Watu wa asili moja waliweza kuwa pande mbili, na watu wa asili mbalimbali wakawa upande mmoja. Isitoshe, hakuna chama kilichoweza kushinda pasipo mshindani. Kila upande ulimhitaji mwenzake aje, atazame, ajibu, na kesho yake atafute la kumzidi. Mtu unayemhitaji kwa namna hiyo si rahisi kutamani atoweke.

Lakini tusiipambe beni kupita kiasi. Kwanza, mashindano yalileta madeni na wakati mwingine ugomvi wa mikono. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Pili, utabaka haukukosekana. Katika Dar es Salaam Marini ilihusishwa na watu waliojihesabu kuwa wa pwani, wenye mavazi bora na kazi bora, ilhali Arinoti ilihusishwa na watu wa bara na vibarua. Dharau ya mstaarabu kwa yule aliyeitwa mshenzi iliweza kuvaa sare ikaingia uwanjani. Sura ya wanachama haikuwa moja kila mahali, lakini haitupasi kudai kwamba kila aliyecheza alipokewa sawa. Tatu, utangamano wa ngomani haukutosha penye dhuluma ya uchumi. Mwaka 1935 wafanyakazi wa migodi ya shaba huko Rhodesia ya Kaskazini walipogoma, na polisi wakaua watu sita huko Luanshya, nafasi ya chama cha Mbeni katika mgomo ilichunguzwa. Ngoma iliweza kuwaunganisha wafanyakazi. Haikuweza kuwapandishia mshahara.

5. Kutoka beni hadi kalela

Historia ya migodi hiyo hiyo yatupa mfano wa kulinganisha. Mwaka 1956 J. Clyde Mitchell alichapisha uchunguzi wake juu ya kalela, ngoma aliyoiona Luanshya. Wachezaji wake walikuwa karibu wote Wabisa, vijana waliovaa nguo safi za Kizungu. Waliisifu nchi yao na kuwatania watu wa makabila mengine. Mitchell alionyesha kwamba ukabila wa mjini haukuwa sawa na maisha ya kikabila ya kijijini. Ulikuwa njia mpya ya kuwapanga watu wasiojuana, katika mji ambamo kila siku mtu alikutana na mgeni.

Tofauti kati ya beni na kalela ni muhimu kwa hoja yetu. Zote mbili zilikuwa ngoma za mjini, na zote mbili ziliiga mambo ya Kizungu. Lakini beni ilimpa mtu jina jipya la kushirikiana na wengine, na kalela ililikuza jina lile alilokuja nalo. Sherehe zetu za leo, hata zinapovaa ngozi na shanga badala ya suti, aghalabu ni jamaa za kalela kuliko beni. Zinatujulisha makabila yapo mangapi. Hazitupi nafasi ya kuwa kitu kingine pamoja.

6. Hitimisho

Sisemi kwamba sherehe za makabila ziachwe. Lugha na ngoma za jamii ndogo kama Waelmolo zastahili jukwaa, na bila ya jukwaa zitasahauliwa. Ninalopendekeza ni kwamba jukwaa lisiwe ndio mwisho. Mfano mmoja tunao nchini. Huko Bomas of Kenya, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1971, wachezaji wamekuwa wakifunzwa ngoma za makabila mbalimbali, si ya kwao pekee. Inawezekana kusema kwamba ile ni biashara ya watalii. Hata hivyo kijana anayejifunza hatua za ngoma ya jirani yake, akakosea na kusahihishwa, amefanya jambo ambalo mtazamaji hajalifanya.

Basi na waandaaji wa sherehe waulize maswali ambayo beni iliyajibu pasipo kuulizwa. Nani atacheza upande mmoja na nani? Mchango utakusanywa na nani, na utamsaidia nani sherehe itakapokwisha? Yule mwenye wazazi wa makabila mawili atasimama wapi? Na sisi wanafunzi wa Kiswahili tunayo kazi yetu. Wazee waliocheza beni katika siku za nguvu zake wamekwisha kututoka, lakini watoto na wajukuu wao wangali wanakumbuka majina ya vyama, vyeo na mitaa. Huko Unguja beni ingali ikisikika katika shughuli za harusi. Kumbukumbu hizo zikusanywe mapema. Zitatuonyesha kwamba mji wa Kiafrika haukungoja serikali kuwafundisha watu wake kuishi pamoja, na kwamba mgeni aliyekuja na kwake tu aliweza, kwa jasho la uwanjani na mchango wa chama, kupata kwao.