Kufupishwa kwa Mpira wa Wavu

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, mwaka 1987, palichezwa mpira wa wavu katika uwanja wa shule moja hapa Taveta, na mchezo ule haujamalizika mpaka leo. Wageni walitoka Voi kwa lori, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 katika barabara ambayo siku zile ilikuwa ya vumbi tupu. Ilikuwa siku ya soko, na watu waliokwisha kuuza ndizi na nyanya zao walikuja wakasimama kandokando ya uwanja kutazama. Mimi nilipewa kazi ya kuandika pointi katika daftari.

Timu zilipata seti mbili mbili. Seti ya tano ikafika wenyeji 14, wageni 11. Pointi moja tu ilitosha. Basi wenyeji wakaanzisha mpira, wakashindwa, zamu ikaenda kwa wageni. Wageni nao wakaanzisha, wakashindwa, zamu ikarudi. Kwa sheria ya wakati ule timu iliyoanzisha mpira ndiyo peke yake iliyoweza kupata pointi; timu ya pili ikishinda ilipata zamu ya kuanzisha tu, wala haikuongezewa kitu. Zamu ilikwenda na kurudi zaidi ya mara kumi, na katika daftari langu sikuwa na la kuandika. Jua likashuka upande wa Kilimanjaro. Dereva wa lori akaanza kupiga honi, maana njia ya kurudi ilipita Maktau, ndani ya mbuga ya Tsavo, na ndovu hawana desturi ya kumpisha mtu usiku. Ilipokaribia saa kumi na mbili na nusu mwamuzi akasema haoni tena mistari. Wageni wakapanda lori lao. Sisi tulisema tumeshinda, wao wakasema hawajashindwa, na wote tulisema kweli.

Sheria iliyotuchelewesha jioni ile sasa haipo. Iliondolewa na watu ambao hawakupata kuuona uwanja wetu, kwa sababu ambazo hazikutuhusu sisi. Hata hivyo badiliko lenyewe limefika mpaka hapa, na kila mwanafunzi anayecheza leo analitii bila kujua kwamba palikuwa na mabishano makubwa juu yake. Mabishano hayo yanafaa kujulikana, kwa kuwa jambo lililobishaniwa si dogo: mchezo ni mali ya nani, ya wale wanaoucheza au ya wale wanaoutazama?

Mpira wa wavu ulibuniwa mwaka 1895 na William G. Morgan, mwalimu wa mazoezi ya mwili katika chama cha vijana wa Kikristo mjini Holyoke, Marekani. Miaka minne kabla yake, katika mji wa Springfield ulio karibu na hapo, James Naismith alikuwa amebuni mpira wa kikapu; lakini Morgan aliona kwamba mchezo ule ulikuwa na kishindo kikubwa mno kwa wafanya biashara wa makamo waliokuja kwake jioni kunyoosha viungo. Akawatungia mchezo wa upole. Alichukua wavu kutoka katika tenisi, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mpango wa zamu aliuchukua kutoka katika besiboli, mchezo unaopendwa sana na Wamarekani. Katika sheria zake za kwanza mchezo mmoja wa mpira wa wavu ulikuwa na zamu tisa, kama vile besiboli ilivyo na zamu tisa mpaka leo. Na katika besiboli timu inayopiga kwa gongo ndiyo peke yake iwezayo kupata alama. Ile iliyo uwanjani hujilinda mpaka zamu yake ifike. Naona basi kwamba sheria iliyotuweka gizani mwaka 1987 ilikuwa ndugu wa besiboli. Wazee wa Holyoke hawakuwa na haraka. Walitaka jasho litoke polepole, na mchezo usio na mwisho unaojulikana uliwafaa sana.

Zile zamu tisa hazikudumu. Zilifuata pointi 21 kwa kila mchezo, kisha, katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, zikapunguzwa zikawa 15. (Ilikuwa miaka ile ile ambayo majeshi yalipigana hapa petu, kilima cha Salaita kilishambuliwa tarehe 12 Februari mwaka 1916.) Pointi 15 zikakaa kwa muda wa miaka themanini hivi. Shirikisho la dunia la mchezo huu likaundwa mjini Paris mwaka 1947, na mwaka 1964 mpira wa wavu ukaingia katika Olimpiki ya Tokyo. Katika muda huo wote sheria ya kupata pointi kwa zamu haikuguswa.

Lakini wachezaji walibadilika. Kadiri mafundi walivyozidi, timu inayopokea mpira ilipata nguvu kuliko ile inayoanzisha, kwa kuwa yenye kupokea ndiyo yenye nafasi ya kwanza ya kuruka na kupiga kwa nguvu. Jambo hilo lilileta kisa cha ajabu: timu mbili zikiwa hodari sana, zamu hubadilishana daima na pointi hazipatikani. Ubora wa wachezaji ndio uliorefusha mchezo. Katika Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 Poland iliishinda Urusi ya Kisovieti katika fainali ya wanaume kwa seti tatu kwa mbili, na seti ya nne ilikwisha 19 kwa 17. Mchezo ulizidi saa mbili. Waliokuwapo waliusifu. Lakini wenye televisheni hawakuweza kupanga taarifa ya habari baada ya mchezo ambao huenda ukaisha kwa saa moja au kwa saa tatu.

Mwaka 1984 shirikisho lilipata rais mpya, Rubén Acosta wa Mexico, aliyekaa katika kiti hicho mpaka mwaka 2008. Alitaka mpira wa wavu uonekane katika televisheni duniani kote, na alijua kwamba televisheni huishi kwa saa. Hatua ya kwanza ilikubaliwa mwaka 1988 mjini Seoul: katika seti ya tano peke yake, kila mkupuo ulete pointi. Kwa neno mkupuo nina maana ya muda wote tangu mpira unapoanzishwa hata unapokufa. Kisha mwaka 1998, katika mkutano wa Tokyo, seti zote zikafuata njia hiyo: pointi 25 kwa seti nne za kwanza na 15 kwa ya tano, na mshindi sharti atangulie kwa pointi mbili.

Mwanafunzi anayependa hesabu na achukue kalamu. Chini ya sheria mpya, seti isiyofika 24 kwa 24 haiwezi kuzidi mikupuo 48, wala haiwezi kupungua 25. Una sakafu, una dari. Chini ya sheria ya zamani sakafu ilikuwapo, lakini dari haikuwapo kabisa. Mikupuo mia ingeweza kupita na pointi zikabaki zile zile, kama ilivyotupata sisi. Hiyo ndiyo siri yote ya badiliko hili. Mchezo haukuongezewa mbio, na hakuna mchezaji aliyeambiwa akimbie zaidi. Kilichobadilishwa ni hesabu tu.

Je, kulipotea kitu? Wapinzani walisema kulipotea kingi, na siwezi kusema walikosa. Tazama timu iliyoachwa nyuma. Zamani, timu iliyokuwa na 5 dhidi ya 14 iliweza kurudi kwa saburi: iliweza kupoteza mikupuo mingi njiani, mradi isipoteze ule ulioanzishwa na adui. Leo, timu iliyo na 15 dhidi ya 24 sharti ishinde mikupuo tisa mfululizo ndipo ifike sawa, bila kuteleza hata mara moja. Mlango wa kurudi haukufungwa, lakini ulifanywa mwembamba. Tena mtazame anayeanzisha mpira. Zamani, akiupiga wavuni alipoteza zamu tu. Leo anampa adui pointi. Kosa lililokuwa halina bei limepata bei. Mtu mzima aliyezoea halimsumbui sana. Lakini msichana wa kidato cha kwanza ambaye mkono wake haujapata nguvu, na anayesikia wenzake wakiguna nyuma yake, huutazama mpira kama mtu anayetazama deni.

Watetezi nao walikuwa na neno lao. Walisema kwamba kosa sharti liwe na bei, popote linapofanyika, na kwamba ni ajabu timu kushinda mkupuo mzuri kwa ustadi mkubwa kisha isipate kitu ila ruhusa ya kujaribu tena. Hoja hii ina nguvu kuliko ile ya televisheni, nami nashangaa kwamba haikutangulizwa.

Sisi Wakenya tulikuwa na sababu ya kuyatazama mabadiliko hayo kwa wasiwasi. Wasichana wetu walikuwa mabingwa wa Afrika mara nne mfululizo, mwaka 1991, 1993, 1995 na 1997, zote kwa hesabu ya zamani. Hesabu mpya ikaja. Mwaka 1999 hawakuchukua ubingwa, wala mwaka 2001, wala 2003. Mtu mwepesi wa kusema angeweza kusema kwamba sheria mpya iliwanyang'anya taji. Lakini mwanafunzi wa historia asikimbilie hapo. Katika miaka hiyo hiyo timu ilifuzu kwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, Sydney mwaka 2000, na ikaenda tena Athens mwaka 2004. Na mwaka 2005 taji la Afrika likarudi Kenya, likafuatwa na mengine mwaka 2007, 2011, 2013, 2015 na 2023. Jambo likitangulia jingine si lazima liwe chanzo chake.

Michezo mingine iliyopatwa na ugonjwa huu wa urefu ilitafuta dawa nyingine. Kriketi ilipunguza idadi ya mipira, ikafanya mchezo wa siku tano uwe wa siku moja, na baadaye wa saa tatu tu. Mchezo wa siku moja ndio uliotupa sisi nafasi: tarehe 29 Februari mwaka 1996, mjini Pune nchini India, Kenya iliishinda timu ya West Indies katika Kombe la Dunia, jambo ambalo lisingalitokea katika mchezo wa siku tano, kwa maana huo hatukuwa na ruhusa ya kuucheza na mataifa makubwa, wala hatujaipata. Besiboli yenyewe, mzazi wa zile zamu tisa, ilijivunia kwa zaidi ya miaka mia kwamba haina saa. Ilivumilia mpaka mwaka 2022, mchezo wa kawaida wa ligi kuu ya Marekani ulipofika wastani wa saa tatu na dakika nne. Mwaka 2023, baada ya majaribio katika ligi ndogo, wakamwekea saa mrushaji mpira: sekunde 15 kama hakuna mkimbiaji njiani, na 20 kama yupo. Wastani ukashuka ukawa saa mbili na dakika arobaini mwaka ule ule. Hesabu ya alama hawakuigusa. Waliona kwamba muda mwingi ulipotea mtu akijipangusa mikono na kurekebisha kofia, wala si katika kucheza.

Nikilinganisha dawa hizo mbili, naiheshimu zaidi ile ya besiboli, kwa sababu iliondoa uvivu na kuuacha mchezo ulivyo, hali sisi wa mpira wa wavu tulibadilisha maana ya pointi. Hata hivyo siwezi kuitamani sheria ya zamani irudi katika mashindano ya shule. Waliokaa Tokyo mwaka 1998 walifikiri juu ya televisheni. Walakini uwanja usio na taa na lori lenye safari ya usiku vilihitaji jambo lile lile, mchezo unaojulikana utakwisha lini. Leo barabara ya Voi ina lami, na timu inayokuja hapa saa nane mchana hucheza seti zake, hunywa maji, na hupita Maktau jua likingali juu.

Ila katika mazoezi ningependa walimu wawe na hiari. Mwalimu mmoja ninayemfahamu huwachezesha wanaoanza kwa hesabu ya zamani muda wa wiki kadhaa, ili mkono ujifunze kuanzisha mpira bila kuogopa, kisha huwahamisha katika hesabu ya 25. Niliwatazama majuzi. Msichana mmoja mdogo alipiga mpira wavuni mara tatu, akapoteza zamu mara tatu, na pointi za upande wa pili hazikusogea. Mara ya nne mpira ulipita juu ya wavu kwa nafasi ya kidole, ukaanguka ndani ya mstari, na aliyeshika daftari akainama kuandika.