Bastola ya Kimathi na ardhi ya Makina

Wasee, ukitoka Soko la Toi ukaingia Makina, unakanyaga ardhi iliyopatikana kwa bunduki. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Waingereza waliwaacha askari wao Wanubi wa King's African Rifles wakae hapo Kibera. Wakae tu, bila hati. Hati ya ekari 288 ilikuja 2017!

Sasa cheki upande wa pili. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, kupatikana na silaha bila ruhusa ilikuwa kitanzi. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti, 18 Februari 1957. Shtaka lenyewe? Halikusema vita wala ardhi. Lilisema bastola na risasi zake.

Mimi pia sitaki bunduki mtaani, tusidanganyane. Lakini mtu akikuambia sheria ni ya usalama wa umma, muulize: umma gani? Toi ilipochomwa baada ya uchaguzi wa 2007, serikali ilikuwa na bunduki na sheria zote. Wauza mitumba walibaki na majivu.

Sheria ya silaha ni muhimu. Swali ni inamlinda nani.