Mbeyu, Muzilo na Mulongo: Nasaba ya Wagogo na Kalamu ya Mnyampala

Wasomaji wengi wa pwani na visiwani wamelisikia jina la Kizota katika habari za mikutano mikuu ya Chama Cha Mapinduzi, iliyofanyika katika ukumbi wa huko. Lakini Kizota, pembezoni mwa mji wa Dodoma, ni ardhi ya Ugogo kabla ya kuwa na ukumbi, na kwa Wagogo wa kale jina la mtu peke yake halikutosha kumtambulisha. Mgeni aliulizwa na ukoo wake.

Ukoo kwa Kigogo ni mbeyu, yaani mbegu. Kila mbeyu ina muzilo wake, mwiko unaowafunga watu wote wa ukoo, aghalabu mnyama au sehemu ya nyama wasiyoila. Tena kuna mulongo, jina la pili linaloandamana na lile la ukoo. Kwa mambo haya matatu, watu wawili wasiopata kuonana waliweza kujua kama ni ndugu. Mtu wa pwani hatashangaa, kwani naye anaijua nisba: mtu hutajwa kwa jina lake, bin baba yake, kisha Al-Mazrui au Al-Barwani.

Mbeyu hizo hazikuota mahali pamoja. Koo nyingi husimulia kwamba waasisi wao walitoka Uhehe, Unyamwezi, Ukimbu au Ukaguru. Hata jina la Wagogo husimuliwa kwamba walipewa na wapita njia wa misafara, waliowakuta wameketi juu ya magogo. Basi anayetafuta asili yake Ugogo hutafuta pia njia aliyopita babu yake.

Nasaba hiyo ilihifadhiwa vifuani mwa wazee, na kifua hufa. Njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliua watu kwa maelfu na kuwatawanya wengine. Kila mzee aliyezikwa alizikwa na masimulizi ya ukoo wake. Kisha zikaja karatasi. Cheti cha ubatizo kiliongeza jina la mtakatifu. Fomu ya serikali ikataka jina la mtu, la baba na la babu. Mbeyu haikupewa nafasi katika fomu hiyo.

Si kwamba karatasi ni adui wa nasaba. Huko Quebec, nchini Kanada, mapadri wa Kifaransa waliandika ubatizo, ndoa na maziko tangu karne ya 17. Familia nyingi zilikuwa na jina la pili, lililotanguliwa na neno "dit", yaani "aitwaye". Mara nyingi lilikuwa lakabu ya babu aliyekuwa askari. Padri Cyprien Tanguay alizipekua daftari hizo na kutoa kamusi ya nasaba yenye juzuu saba, kati ya 1871 na 1890. Karatasi ile ilimfaa mtafutaji kwa kuwa iliandika na jina la pili.

Ugogo nao ulipata mwandishi wake. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 Ihumwa, karibu na Dodoma, anajulikana na wapenzi wa ushairi kwa diwani yake na kwa ngonjera. Wachache hukumbuka kwamba mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, akakiandika kwa Kiswahili. Jina lake mwenyewe lilikuwa mfano wa mambo aliyoyaandika: Mathias ni la ubatizo, Mnyampala ni ndugu wa neno mnyapara, mkuu wa wapagazi, lililovuma katika njia za misafara kutoka bara hadi Bagamoyo.

Mnyampala alifariki mwaka 1969. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na Kizota ya leo ina watu wa kila mkoa. Mtoto azaliwaye huko huandikiwa majina matatu. Muzilo na mulongo wake atavijua iwapo tu yupo wa kumwambia, naye amwambie mapema. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini asiyeambiwa asili yake hakuiacha, alinyimwa.