Saruji Iliyoanzia Amiens

Mwaka 1984, mjini Amiens, kaskazini mwa Ufaransa, mama mmoja wa miaka 54 aliteswa na maumivu makali ya shingo. Uvimbe wa mishipa ya damu ulikuwa umeitafuna pingili yake ya pili. Madaktari Pierre Galibert na Hervé Deramond wakapenyeza sindano, wakaijaza pingili hiyo saruji. Maumivu yakatulia.

Saruji hiyo si ya fundi mwashi. Ni akriliki, ndugu wa plastiki ya meno bandia, ambayo daktari John Charnley alikwisha kuitumia Uingereza kushikiza nyonga za bandia. Unga huchanganywa na kimiminika chenye harufu kali; huwa kama uji, kisha kama dawa ya meno. Hapo daktari hukimbizana na saa, maana dakika chache baadaye hupata joto na kuwa jiwe. Ikiwa nyepesi mno, huvuja.

Baadaye mbinu ikahamia kwa wazee waliopondeka pingili kwa osteoporosisi, ugonjwa unaoacha mifupa na vitundu kama sponji.

Mwaka 2009 kikatokea kishindo. Tafiti mbili katika New England Journal of Medicine zililinganisha saruji na tiba ya kuigiza: sindano bila saruji. Pande zote mbili zilipata nafuu karibu sawa, jambo chungu kwa madaktari walioshuhudia wagonjwa wao wakiinuka kitandani. Ubishi ungalipo.