Mashetani wa Mpingo: Sanaa ya Wamakonde na Hatima ya Mti Wake

KINYAGO cha shetani wa Kimakonde hakihitaji maelezo ili kitambulike. Huwa na jicho moja lililosogea pembeni, mdomo uliovutwa hadi usawa wa goti, na mkono unaoishia katika tundu badala ya vidole. Watalii wengi wanaokinunua katika vibanda vya Mwenge, Dar es Salaam, hudhani kuwa huo ni urithi wa karne nyingi. Sivyo. Mtindo huo ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwasisi wake anayetajwa zaidi ni Samaki Likankoa, mchongaji aliyehamia Tanganyika kutoka Msumbiji. Inasimuliwa kuwa kinyago chake kimoja kilivunjika kiungo, na mfanyabiashara wa vinyago Mohamed Peera akavutiwa nacho kikiwa vivyo hivyo, na kasoro yake.

Kilicho cha kale ni imani iliyo nyuma ya kinyago. Wamakonde, wanaoishi pande zote mbili za Mto Ruvuma, husimulia kuwa mtu wa kwanza alichonga umbo la mwanamke kwa mti, akalisimamisha wima, na kulipokucha likawa mwanamke hai. Kwa kabila lenye simulizi hiyo, kuchonga hakuwezi kuwa kazi ya mikono pekee. Mashetani nao ni mizimu ya porini, yenye vituko, hasira na mara nyingine ucheshi. Wasichanganywe na Ibilisi wa misahafu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba vinyago vya ibada vyenyewe, yaani mapiko yanayovaliwa kichwani katika ngoma za jando na unyago, huchongwa kwa miti myepesi. Mpingo ulitamalaki katika karne ya 20, soko lilipopanuka. Mchezaji hawezi kucheza usiku kucha akiwa na mpingo kichwani: mita moja ya ujazo ya mti huo ina uzito unaozidi kilo 1,200, na kipande chake kikitupwa majini huzama.

Mti huo, ambao wataalamu huuita Dalbergia melanoxylon, hukua polepole mno. Huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia umri wa kuvunwa, na hata hapo shina lake aghalabu huwa limepinda au lina pango ndani. Viwanda vya ala za muziki, vinavyoutumia kutengenezea klarineti na zumari za Ulaya, hutaka vipande vilivyonyooka visivyo na ufa. Vingine huachwa. Mchongaji wa mashetani huanzia pale pale: pindo la gogo huwa mgongo wa mzimu, pango likawa tumbo, na tabaka jeupe chini ya gome likaachwa ling'ae kando ya kiini cheusi. Vifaa vyake ni tezo, patasi, nyundo ya mti, tupa na msasa, bila umeme. Ni vigumu kupata sanaa nyingine ambayo imani na ubanaji wa matumizi vimeshikamana namna hii.

Hata hivyo, uhodari wa mchongaji hauoteshi mti. Mkoani Kilimanjaro, Sebastian Chuwa, aliyefariki mwaka 2014, alihamasisha shule na vikundi vya wananchi kupanda miche. Kufikia mwaka 2004 walikuwa wamevuka milioni moja. Wilayani Kilwa ilitumika njia nyingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu vijiji kumiliki misitu yao, na mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vikapata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu kupitia shirika la uhifadhi wa mpingo lenye makao yake Kilwa. Miti huhesabiwa na kupimwa unene, kiasi cha kuvunwa huwekewa kikomo, na gogo hugongwa alama ili lifuatiliwe hadi kwa mnunuzi. Tatizo ni kwamba utaratibu huo unamfaa zaidi mnunuzi wa shehena kuliko mchongaji anayenunua vipande viwili vitatu kwa fedha ya kuuza kinyago kilichopita.

Wengine waliuacha mpingo. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwachonga mashetani wake kwa miti laini na kuwapaka rangi kali, nao wakafika katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani bila kupungukiwa na chochote. Nchini Kenya, wachongaji wa Kikamba wa Malindi na Mombasa waligeukia mwarobaini, unaokua haraka. Lakini vinyago vya Wakamba zaidi ni wanyama, na twiga hadai mti maalumu. Kwa upande mwingine wapo wanaopaka mti mwepesi rangi ya viatu na kuuita mpingo. Uzito mkononi huwaumbua.

Tangu Januari 2017 mpingo umo katika orodha ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe na mimea iliyo hatarini. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliziondolea sharti la kibali ala za muziki zilizokamilika, pamoja na bidhaa nyingine zilizokamilika zisizozidi kilo 10 kwa shehena. Shetani wa kubeba mfukoni akapita bila karatasi. Nguzo kubwa ya ujamaa, yenye watu waliopandiana mabegani, ikabaki kuhitaji kibali.