Vipeuo visivyowiana (ufundishaji)

Kipeuo cha pili kisichowiana ni kile kisichoweza kuandikwa kama sehemu ambayo kiasi na asili yake ni namba nzima: √2, √3 na √5 ni mifano, ilhali √9 si mmoja wao. Kwa miaka mingi Tanzania imekifundisha Kidato cha Pili pamoja na vipeo, na Kenya, katika mfumo wa 8-4-4, Kidato cha Tatu. Mara nyingi kanuni hutangulia: √72 ni 6√2, 1/√2 ni √2/2. Kanuni ni sahihi, ila mwanafunzi aliyeanza nazo huichukua √2 kuwa jina jingine la 1.414, na haoni kwa nini aibebe alama hadi mwisho wa hesabu. Huyo huyo huandika √9 + √16 = √25, ingawa upande mmoja ni 7 na mwingine ni 5.

Mahali panapofaa kuanzia ni vigawo tasa, kwa kuwa mwanafunzi anavijua. Ameshatafuta √144 kwa kuivunja 144 kuwa 2⁴ × 3² na kutoa kimoja katika kila jozi. Kwa 72, yaani 2³ × 3², jozi mbili hutoka nje na kuwa 6, kisha 2 iliyokosa mwenzake hubaki ndani. Jozi hizo hizo ndizo uthibitisho. Tuseme ipo sehemu a/b ambayo mraba wake ni 2; basi a² = 2b². Kushoto 2 hutokea mara shufwa (pengine sifuri), kulia mara witiri. Namba moja haivunjiki kwa njia mbili, kwa hiyo sehemu hiyo haipo. Weka 3 au 5, hoja inasimama. Weka 4 inaanguka, kwani 4 yenyewe ni jozi.

Yupo atakayesema kwamba upekee wa mvunjo huo haujathibitishwa darasani, na ni kweli. Lakini wanafunzi huutegemea kila watafutapo kigawe kidogo cha shirika (KDS). Uthibitisho wa kale wa shufwa na witiri, ambao Aristotle aliutaja, unadai machache zaidi, ila hauhami kwa urahisi kutoka 2 kwenda 3. Hata katika Theaetetus ya Plato, mwanahisabati Theodorus anavipitia vipeuo kimoja kimoja mpaka cha 17.

Kupima kwa rula hakuwezi kuchukua nafasi ya hoja hiyo. Karatasi ya A4 ni milimita 297 kwa 210, sawa na 99/70, uwiano ulio karibu sana na √2. Mraba wa 99 ni 9801, na mara mbili ya mraba wa 70 ni 9800: tofauti ni moja tu, na hakuna rula ya darasani itakayoiona.

Pingamizi zito zaidi ni kikokotoo. Kuondoa kipeuo kwenye asili kulirahisisha kugawanya kwa mkono, na sababu hiyo imekwisha. Hata hivyo, mtu akitafuta √10001 − 100 kwa kikokotoo kinachokata baada ya tarakimu nane, anabaki na 0.00499. Akiigeuza kwanza kuwa 1/(√10001 + 100), kikokotoo kile kile kinampa 0.0049998.